Tausi wangu kahamia kwa jirani: nifanye nini atulie nyumbani?

"Mtaalamu, habari za kazi. Nina kiwanja cha ekari mbili Kibaha, kina nyumba, michungwa na miembe michanga. Miezi miwili iliyopita nilinunua tausi watatu wakubwa, dume mmoja na majike wawili. Aliyeniuzia alisema niwafungie wiki mbili kama kuku wageni, kisha niwaachie. Nikafanya hivyo, nikawafungulia wote asubuhi. Siku ya tatu dume akatoweka. Nilimkuta kwa mama mmoja, kama kilomita moja kutoka kwangu, kalala juu ya mwembe mkubwa. Nimemrudisha mara mbili, kila mara namfungia siku tatu, lakini nikimwachia anarudi kulekule. Yule mama ana kuku wa kienyeji na bustani ya mchicha. Dume kamharibia matuta mawili na sasa anadai fidia. Jike mmoja naye hajarudi kulala siku nne, ingawa mlinzi anasema alimwona mara moja mchana. Mmoja ananishauri nimkate dume mabawa, mwingine nimfunge kamba mguuni, mwingine nimzungushe jikoni mara saba. Ukuta wangu una futi nane. Nifanyeje? Au tausi si ndege wa kuachiwa nje?"

Ndugu msomaji, pole kwa usumbufu. Mpaka sasa, kwa maelezo yako, hujapoteza ndege hata mmoja. Dume unajua aliko, na huyo jike nina shaka kama katoroka. Nianze na jike, maana suala lake halisubiri.

Tausi jike akianza kutaga hujificha. Kiota chake si cha kupanda mtini. Ni kishimo kifupi ardhini, kwenye majani marefu, chini ya kichaka au nyuma ya rundo la matofali. Hutaga mayai manne hadi saba, kwa kawaida moja kila baada ya siku moja au mbili, na akishaanza kuatamia hukaa hapo siku 28 hadi 30. Katika muda huo hutoka mara moja kwa siku, mara nyingi mchana au alasiri. Anakuja mbio, anakula kama aliyefukuzwa, anakunywa maji, anaacha kinyesi kikubwa kuliko cha kawaida na chenye harufu kali, kisha anaondoka. Ndiyo maana mlinzi kamwona mchana na usiku hayupo.

Mwambie mlinzi aweke karanga chache na maji mahali alipomwona, kisha akae mbali, hatua 40 au zaidi, bila kumkodolea macho. Jike harudi kiotani moja kwa moja. Atazunguka, atajifanya anadonoa huku na kule, na akihisi anafuatwa atasimama hata nusu saa. Usimfuate hadi mwisho siku ya kwanza. Angalia alikopotelea, kesho mlinzi akaanzie hapo. Mkikipata kiota, kwanza msiyashike mayai wala msimtoe; tazameni kiko wapi.

Kama kiota kimo ndani ya ukuta wako, mwache aatamie, ila usiku ndio hatari. Nguchiro, kicheche, kenge na mbwa wa mtaani wote wanapenda mayai, na mbwa au chatu watamkamata hata mama mwenyewe. Wavu wa kuku wa futi nne kuzunguka kiota, kwa umbali wa hatua tatu kila upande, unasaidia dhidi ya mbwa. Yeye ataruka kutoka na kuingia. Kama kiota kiko nje, porini au shambani kwa mtu, ningeyatoa mayai nikayaatamishe nyumbani, maana mwezi mzima ardhini ni mrefu mno. Kuku wa kienyeji mkubwa anayeatamia vizuri anamudu mayai manne au matano ya tausi. Tatizo ni kwamba kuku amezoea siku 21, na wengine hukata tamaa wiki ya nne. Chagua yule aliyekwishaonyesha uvumilivu. Mashine ya kutotolesha yenye feni iwekwe nyuzi 37.5 za Selsiasi. Usiogope kwamba hayana mbegu kwa sababu dume kaondoka: jike huhifadhi mbegu mwilini na kuendelea kutaga mayai yaliyorutubishwa kwa siku kadhaa baada ya kupandwa.

Sasa dume.

Ushauri wa wiki mbili ni ushauri wa kuku, na kwa kuku unafaa kabisa. Kuku mgeni giza likiingia anatafuta mahali penye paa na wenzake, kwa hiyo ukimwonyesha banda siku kumi na nne umemaliza. Tausi hana hulka hiyo. Asili yake ni India, Sri Lanka na nchi za jirani na hizo, kwenye misitu ya wazi na kingo za mashamba, ambako chui na wanyama wengine wakali huwinda usiku. Tangu kale usalama wake umekuwa kwenye tawi la juu. Kila jioni anajiuliza swali moja: leo nilale wapi? Na akishapata mti uliompitisha usiku salama mara tatu nne, hapo ndipo kwake, hata kama chakula chake kiko kwingine. Kwa hiyo unapotaka kumzuia tausi asipotee, usishindane naye mchana. Shindana naye jioni.

Chukua lile swali ulitazame kwa upande wa ndege wako. Kwako kuna miembe michanga na michungwa, miti ambayo mtu mzima akinyoosha mkono anagusa matawi. Ndege wa kilo tano mwenye mkia wa mita moja na nusu hawezi kulala hapo. Kwa yule mama kuna mwembe mkubwa wenye matawi ya kulala tambarare. Kuna kuku wanaokoroga pumba jioni, na sauti ya ndege wanaokula humwambia tausi kwamba mahali pale hapana adui. Tena, kwa maelezo yako, hakuna anayemkamata kule. Kwako ndiko anakokimbizwa, kushikwa na kufungiwa siku tatu. Bila kukusudia yule mama kafanya kila kitu sawasawa, na wewe kila unapomrudisha unamthibitishia kwamba kwako ni mahali pa kutoroka.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalioni. Tausi hatoroki kwa kuruka, hutoroka kwa miguu. Kuruka ni kwa kupanda mtini, kuvuka ukuta au kukwepa mbwa. Kupotea kwenyewe ni matembezi: anadonoa, anafuata kivuli cha ua, anavuka njia, anasikia kuku, anasogea. Ulimfungulia asubuhi, ukampa saa kumi na mbili za kutembea. Jioni ilipomkuta alikuwa mbali na banda kuliko na ule mwembe, akalala alipofika. Ukuta wa futi nane si kizuizi kwake. Ni mahali pa kusimama aone vizuri anakotaka kwenda.

Na wale majike, mbona hawakumvuta abaki? Kwa kuku jogoo hufuata matetea. Kwa tausi mambo ni kinyume: dume huchagua uwanja wake, anaulinda, anafungua mkia na kulia, na majike ndio wanaomwendea kumtazama. Uwanja aliouchagua sasa uko kwa jirani. Kama siku moja utaongeza dume wa pili, jua pia kwamba mnyonge atafukuzwa na huyo mkubwa, na utakuwa na mtoro mwingine. Dume mmoja kwa majike watatu hadi watano anatosha kwa ekari mbili.

Kabla sijafika kwenye suluhisho, niyaondoe yale uliyoshauriwa.

Kamba mguuni, hapana kabisa. Mguu wa tausi ni mrefu na mwembamba, naye akishtuka anajirusha juu kwa nguvu zote kwa mkupuo mmoja. Kamba inapokaza ghafla huteguka goti au huvunjika mfupa, na tausi aliyevunjika mguu mara chache hupona sawasawa. Tena ndege aliyefungwa chini ni kitoweo cha mbwa.

Kumzungusha jikoni hakumdhuru, ilimradi usimshike mkia wakati wa kumzungusha. Wala hakutamrudisha.

Kukata mabawa si dhambi, lakini watu wanalitegemea kwa kazi ambayo haliwezi. Tausi aliyekatwa bado atatembea hadi kwa jirani, kwa maana hakuenda kwa kuruka. Atakachokosa ni uwezo wa kupanda mtini mbwa wakija. Kwa hiyo ni kwa ndege anayelala ndani ya banda lililofungwa kila usiku bila kukosa. Ukiamua kufanya hivyo, kata bawa moja tu ili akose mizani anaporuka. Ukikata yote mawili sawasawa atajifunza kupiga kwa haraka na atapanda tena. Bawa lina manyoya kumi marefu ya mwisho. Acha mawili ya nje kabisa, kata sita au saba yanayofuata, katikati ya urefu wake, ukifuata mstari wa manyoya madogo yanayoyafunika. Kabla ya kukata, tazama shina la kila unyoya: likiwa jeupe na tupu, ni salama, likiwa na rangi ya samawati au nyekundu iliyoiva, lina damu, liache. Kazi ni ya watu wawili, mmoja kumshika na mwingine kukata. Manyoya yataota upya ndege akijipukutisha, kwa hiyo ni dawa ya mwaka mmoja au chini yake.

Basi, kazi yenyewe. Inaanza upya, na inachukua miezi, si wiki.

Hatua ya kwanza ni kumrudisha bila vita. Usimkimbize mchana uani kwa mwenye mchicha; utaharibu matuta mengine na ndege atapukutisha manyoya ya mkia kwa woga. Kama tawi analolalia mtu analifikia kwa ngazi, nenda saa mbili usiku, usiku usio na mbalamwezi. Mtu mmoja ashike tochi, mwingine apande taratibu kutoka nyuma. Tausi gizani haoni vizuri, atatulia. Shika miguu yote miwili kwa mkono mmoja, karibu na mapaja, na wakati huohuo mkono wa pili umkumbatie mabawa yakiwa yamebanwa kifuani mwako. Mtu wa chini awe na kanga, amfunike kichwa na mabega mara tu unapomteremsha. Jihadhari na vidole vya nyuma na kucha ya dume juu ya mguu, inachana ngozi. Kama tawi ni la juu sana, tumia mtego wa chakula: banda dogo la wavu, futi sita kwa sita, mlango unaoanguka ukivutwa kamba, karanga zikimwagwa hapo kila jioni saa ileile. Siku nne au tano za kwanza usivute kamba. Mwache azoee kuingia na kutoka. Ya sita, vuta.

Hatua ya pili ni banda. Usimrudishe kwenye kibanda cha kuku. Kwa ndege watatu panatakiwa angalau futi 10 kwa 20 na kimo cha futi nane, na ukiweza kuongeza, ongeza. Pembeni tumia wavu wa kuku au senyenge yenye matundu madogo, juu tumia wavu laini wa nailoni, hata wa uvuvi uliochakaa, ili akishtuka usiku na kujirusha asivunje shingo. Robo ya paa iwe bati au makuti kwa mvua na jua. Fito ya kulalia iwe nene kama mkono wa mtu mzima, kimo cha futi tano na nusu au sita, na ikae futi nne kutoka ukutani ili mkia wa dume usisuguliwe ukawa kama fagio. Ipeleke upande wa juu zaidi wa banda, kwa maana watataka kulala mahali pa juu kuliko pote. Ukiweka chombo cha maji juu ya fito watalala juu ya chombo.

Banda lenyewe lisiwe nyuma ya stoo. Liweke pale unapotaka maisha yao yawe, wakiuona uwanja, mlango wa jikoni, watu, mbwa wako akipita, na miti. Miezi ile ndani ndiyo darasa lao, na wanachojifunza kupitia wavu ndicho watakachokitafuta wakitoka.

Wakae humo kwa miezi mitatu. Ukisikia wengine wakisema wiki sita au nane, kwa ndege wachanga inatosha; kwa ndege waliokomaa kama wako, waliokwishajua makazi mengine, na hasa dume aliyekwishahama, miezi mitatu ni kiwango cha chini na sita si mingi. Najua ni muda mrefu kumtazama tausi nyuma ya wavu. Lakini umekwishajaribu njia fupi mara tatu.

Ndani ya miezi hiyo fundisha kitu kimoja tu: mlio wa chakula cha jioni. Chukua kopo la maziwa, tia punje za mahindi, litikise kila siku saa kumi na moja jioni, kisha uwape kitu wanachokipenda sana na ambacho hawakipati saa nyingine: karanga mbichi zilizopondwa, vipande vya mkate, kumbikumbi wakiwepo. Chakula cha kawaida, kama gramu 150 hadi 200 kwa ndege mzima kwa siku, kiwe cha kuku wanaokua au cha bata mzinga, chenye protini asilimia 16 hadi 20. Usiwape daima chakula cha kuku wa mayai. Chokaa yake ni nyingi kwa dume. Kopo lisitikiswe kwa mchezo, na watoto wasilichezee. Baada ya wiki chache utaona wanakimbilia upande wa mlio hata kabla hujafika.

Miezi mitatu ikiisha, usifungue mlango kwa wote. Hapo ndipo wengi huharibu kazi nzuri. Toa jike mmoja, yule asiye na kiota, na wenzake wabaki ndani. Tausi hapendi kuwa peke yake. Atazunguka banda akiwatazama. Siku hiyo asubuhi wape nusu ya chakula, na mfungue saa kumi na moja na nusu jioni. Kwetu jua linazama baada ya saa kumi na mbili na robo au karibu na saa moja kasoro, kutegemea mwezi, kwa hiyo ana saa moja tu ya kutalii. Baada ya dakika arobaini tikisa kopo, weka karanga ndani, acha mlango wazi. Ataingia. Asipoingia siku ya kwanza na akapanda juu ya banda, mwache alale hapo. Juu ya banda ni nyumbani. Usimrukie.

Rudia hivyo siku nne au tano, kisha mbadilishe na jike mwingine. Wiki ya pili watoke majike wawili, dume ndani. Dume awe wa mwisho, na usimtoe kwa mara ya kwanza wakati mkia wake umejaa na analia alfajiri na jioni. Huo ni msimu wa kutafuta uwanja na wapinzani, na akisikia dume mwenzake mbali, au hata honi inayofanana na sauti yake, atakwenda. Subiri apukutishe manyoya ya mkia. Dume asiye na mkia ni mpole, anaona haya kidogo, anashinda chini ya vichaka karibu na chakula. Ndio wakati wa kumzoesha uwanja. Akitoka yeye, majike wabaki ndani.

Taratibu ongeza muda: saa mbili kabla ya jua kuzama, kisha tatu, kisha kuanzia adhuhuri. Kila usiku mlango ufungwe. Siku ambayo mtaani kuna harusi yenye muziki mkubwa, au fataki, au mbwa wageni, wasitoke. Wakikimbizwa mara moja na mbwa ndani ya uwanja, kazi ya mwezi inaweza kufutika.

Sasa swali lako la mwisho, kama tausi ni wa kuachiwa nje. Kwa ekari mbili zilizozungukwa na bustani za watu, nisingemwachia huru kutwa kucha. Ningemfanya ndege wa alasiri: anatoka saa tisa au kumi, anapendezesha uwanja, analala ndani. Tausi wa Ikulu ya Dar es Salaam wanaonekana kutembea wapendavyo, lakini wana uwanja mpana, miti mikubwa na watu wa kuwahudumia kila siku, na vizazi vilivyozaliwa papo hapo. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Ndege uliowanunua wakubwa watakuwa na nusu ya moyo kwingine kwa muda mrefu. Vifaranga watakaototolewa kwako na kukulia kwenye hilo banda hawatakuwa na kumbukumbu ya mahali pengine popote. Majike hukomaa wakiwa na miaka miwili na madume huwa na mkia kamili mwaka wa tatu, kwa hiyo mpango wa kweli wa tausi wanaotulia ni wa miaka mitatu. Kama huna subira hiyo, jenga banda kubwa zaidi na uwafuge ndani moja kwa moja. Si aibu, na hakuna atakayekudai mchicha.

Vifaranga hao wafungie ndani kwa miezi sita ya kwanza. Wanaanza kurukaruka wakiwa na siku chache tu na huweza kupenya tundu ambalo hukulidhania. Pia kunguru wale weusi wenye shingo ya kijivu, ambao nao asili yao ni India kama tausi, humbeba kifaranga mbele ya mama yake.

Miti nayo isisahauliwe. Miembe yako itakua, lakini kwa sasa weka nguzo mbili za futi 14 karibu na banda na mlunda mnene juu yake, uelekee mashariki wazi, wenye njia safi ya kuruka kutoka chini. Siku wakichelewa kuingia, bora walale hapo kuliko kwa jirani.

Kuhusu kuku. Kama una kuku, au tausi wakienda kwa wenye kuku, kuna ugonjwa unaobebwa na minyoo ya utumbo ya kuku. Kuku wenyewe mara nyingi hawaonyeshi dalili; tausi hufa. Dalili yake ni kinyesi cha manjano kama salfa, mabawa kushuka, ndege kusimama pweke macho yamefumba. Dume wako amekula na kuku wa yule mama kwa wiki kadhaa. Akirudi, mtenge na majike siku 14, na mwite daktari wa mifugo aangalie kinyesi na kupanga dawa ya minyoo kwa uzito wake. Usikadirie dozi kwa kutazama kuku. Chanjo ya mdondo pia muulize huyohuyo, maana tausi hushikwa na mdondo. Mwite mara moja, bila kusubiri kesho, ukiona ndege anafungua mdomo na kuhema kama anasakamwa, amejikunyata bila kula siku nzima, ameng'atwa na mbwa hata kama jeraha ni dogo, au shina la unyoya lililokatwa linavuja damu na haliachi baada ya kulibana kwa kitambaa safi dakika kumi. Na kama umefuata hatua zote na dume bado anarudi kwa jirani baada ya kuachiwa mara ya tatu, mtafute mtu wa wanyamapori au daktari aje akague eneo kwa macho. Wakati mwingine sababu ni kitu kisichoandikika kwenye barua, kama kioo cha dirisha au gari linalomwonyesha dume mwenzake asiyekwisha kupigana naye.

Hakikisha pia karatasi zako za umiliki ziko sawa. Ulizia ofisi ya wanyamapori ya wilaya kuhusu kibali kabla hujasafirisha au kuuza ndege au vifaranga, na umwombe aliyekuuzia maandishi ya mauziano kama hukupewa. Na uwavike pete za mguuni zenye namba yako ya simu, si kwa urembo.

Sasa yule mama. Mlipe mchicha wake, yote, leo, kabla mwenyekiti wa mtaa hajaitwa. Matuta mawili ni gharama ndogo kuliko mfuko mmoja wa chakula cha ndege. Kisha umwombe mambo mawili: akuruhusu kuingia na ngazi usiku, na baada ya dume kuondoka, kwa wiki tatu awalishe kuku wake ndani ya banda, si uwanjani, hasa jioni. Mbegu mpya za mchicha azifunike kwa matawi ya miiba au wavu hadi zifike kimo cha kiganja, kwa maana tausi hupenda miche michanga kuliko majani yaliyokomaa. Wavu huo mnunulie wewe, na mwachie namba yako: akimwona tena, apige simu, asimrushie jiwe wala asimpe chakula.

Wakati unamsubiri fundi wa banda, jike wa pili asitoke tena asubuhi. Na mlinzi akapeleke karanga za yule aliyejificha leo alasiri, mahali palepale.